Pua ya Ndege ya Mzee Mwakio

Mwezi uliopita nilikwenda Taita kumzika Mzee Mwakio. Pale kaburini mshereheshaji, kijana mwenye suti iliyomzidi mabega, akatangaza kwamba miongoni mwetu yuko fundi aliyejenga ndege pamoja na marehemu, tafadhali asogee aseme neno. Watu wakageuza vichwa kutafuta mhandisi. Wakaniona mimi, kofia ya kiua, tumbo mbele, makubadhi yamejaa udongo mwekundu. Nikashika kipaza sauti nikafanya kazi pekee niliyohitimu maishani: nikawachekesha. Nikawaambia mimi sikujenga ndege, nilijenga pua tu, na hata hiyo pua mara ya kwanza ilitoka na mafua. Wakacheka. Waliokuwa wakilia wakacheka, mhubiri akavua miwani akafuta macho. Mama Wakesho, mjane wake, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa upole tu, kama mtu anavyomtazama mtoto anayekataa kusema ameumia wapi. Nikakaa chini uso unaniwaka. Mtu wa miaka sitini na kitu, wajukuu ninao, nikaona haya kama niliyevuliwa shuka sokoni. Njia yote ya kurudi Mombasa sikusema neno, na waliokuwa na mimi garini wakaulizana kama ninaumwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa themanini na kitu, miaka hiyo ikielekea ukingoni. Nilikuwa fundi wa bodi za magari pale Changamwe, kando ya barabara ya malori. Shule niliiacha kidato cha pili, na sikusikia kwamba kuna mwalimu aliyelia. Mkono wangu ulikuwa mzuri, mdomo mzuri zaidi. Gari likija limekunjwa kama chapati, mimi nalinyoosha huku nikimpa mwenyewe hadithi, akiondoka hajui alipe bodi au alipe kichekesho. Kibanda cha pili alikuwa Onyango, fundi wa breki za malori, mtu wa Kisumu aliyekaa Pwani mpaka akaanza kuapa wallahi, naye ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Tulikuwa tukitukanana asubuhi mpaka jioni kwa mapenzi makubwa. Basi siku moja akaja mzee mwembamba na pikapu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, nyuma kabeba injini ya Kombi iliyofunikwa shuka kama mgonjwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mselem? Yule anayeunga bati mpaka mwanya hauonekani?"

Nikasema ndiye, na kama gari lake limegongwa asiwe na wasiwasi.

"Si gari. Ni ndege."

Onyango alikuwa chini ya lori. Akatoa kichwa kama kobe. "Ndege gani, Mzee? Wa mayai au wa nyama?"

Mzee Mwakio hakukasirika. Alieleza taratibu, kama anayesoma barua. Amefanya kazi ya ufundi wa ndege miaka mingi pale uwanjani, sasa amestaafu. Leseni ya kurusha ndege ndogo anayo, aliisomea kidogo kidogo kwa mshahara wake. Nyumbani kwake Kiembeni anajenga ndege ya mbao, ya watu wawili, kwa michoro aliyoagiza ng'ambo, na injini ndiyo hii ya Kombi ambayo ameifumua na kuifunga upya mwenyewe. Alichotaka kwangu ni pua: bodi ya bati la alumini ya kufunika injini, na mifereji ya kupitisha upepo, maana ndani ya Kombi injini hii hupulizwa na feni, na kwenye ndege feni hakuna. Inapozwa na upepo wa safari basi. Onyango akarudi chini ya lori lake na kuanzia hapo jina langu likawa Rubani.

Ile nyumba ya Kiembeni naiona mpaka leo nikifumba macho. Ilikuwa nyumba ya kawaida, sebule, vyumba viwili, jiko, na banda uani ambamo kiwiliwili cha ndege kilikaa juu ya magogo. Lakini banda lilikuwa dogo, kwa hivyo bawa moja lilikaa sebuleni. Lilianzia mlango wa mbele likaishia chumba cha kulala, limening'inizwa kwa kamba, na Mama Wakesho, kwa sababu ya kutoweza kulifukuza, alilitandika vitambaa vya kufuma na kuweka redio juu yake. Ukiingia unainama. Ukienda jikoni unainama. Mtu mrefu kama mimi kwa siku moja nilikuwa nasujudu mara nyingi kuliko imamu. Chakula cha mchana tulikula chini ya bawa hilo, na mara nyingi kilikuwa kimanga, chakula cha kwao Taita, mihogo iliyopondwa pamoja na maharage mpaka ikashikana. Nikamwambia Mama Wakesho chakula chake ni kitamu lakini kikimdondokea mtu mguuni ni lazima apelekwe hospitali. Alicheka mpaka akashika ukingo wa bawa. Mzee alitafuna akasema, "Huyu kijana akinyamaza siku moja, tutajua kuna jambo."

Siku moja nilikuwa bandani, chali chini ya injini, napima bati. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na wao walidhani nimekwenda kusali.

"Daktari amesemaje?" ilikuwa sauti ya Mama.

"Amesema moyo unapiga kama ngoma ya watu waliolewa. Cheti hiki ndicho cha mwisho. Desemba kikiisha hatatia sahihi tena, na bila sahihi yake leseni ni karatasi ya kufungia njugu."

Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Basi si uirushe hapa hapa karibu, uzunguke, ushuke, roho itulie?"

"Sikuijenga nizunguke mashimo ya kokoto ya Mwakirunge, Mama Wakesho. Nataka nifike nyumbani. Nipite juu ya kwetu mara moja, nikione kilima nilichochungia mbuzi, nikione kutoka juu. Kisha wachukue cheti chao."

"Na ile baridi ya kule milimani?"

"Ndiyo maana ya hita."

Nilibaki chali pale, nyundo kifuani. Kabla ya hapo hita ndiyo ilikuwa kichekesho changu kikubwa. Maana mchoro ulikuwa na hita, na Mzee aliishikilia kama dini. Kulikuwa na bomba la moshi, la ekzosi, na juu yake tulivisha koti la bati. Upepo unapita kati ya koti na bomba, unachukua joto bila kuchanganyika na moshi, unaingia kwa mpira mpaka miguuni pa rubani, na pana kishikio cha kuufungua na kuufunga. Pale gereji nilikuwa nawaambia watu kwamba kuna mzee Kiembeni anaweka hita Mombasa, na akimaliza atakwenda kuuza makaa jehanamu. Mzee mwenyewe hakuwa na mzaha nayo. Kila muungo wa ekzosi aliupaka povu la sabuni, akaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli na kukodoa macho kama kuna povu litakalovimba. "Bomba likiwa na ufa," aliniambia, "moshi utaingia kwenye koti, kutoka kwenye koti utaingia hapa tulipo. Hauna harufu. Unasinzia tu huku umekaa, na ndege inaendelea bila wewe." Aliposema hapa tulipo sikuzingatia. Nilidhani ni namna ya kusema.

Sasa, mchoro ulionyesha pua yenye matundu mawili madogo mbele, madogo kama vikombe vya kahawa. Mimi nikaona haya ni maskhara. Magari nimeyajua. Gari likichemka kupanda Mazeras, dereva hufanya nini? Hulipasulia njia mbele, hung'oa grili, hufunga boneti kwa kamba ikae wazi, upepo uingie. Nikamwambia Mzee, "Hawa waliochora wanakaa kwenye barafu. Hapa ukianika shati linakauka kabla hujatafuta kibanio. Tufungue mdomo, injini ipumue." Mzee alikuna kidevu, akautazama mchoro, akalitazama jua. Nadhani hata yeye joto la mwaka ule lilimshinda. Akasema haya, tujaribu. Basi nikaufungua mdomo. Pua ikatoka na mdomo kama wa papa. Na huko nyuma chini, pale mchoro ulipoacha mwanya, mimi nikauziba vizuri, kwa sababu katika kazi ya bodi mwanya ni fedheha. Gari likitoka kwa Mselem hupitishi hata ukucha. Niliipiga msasa ile pua mpaka ikawa kioo, nikajitazama ndani yake nikajiona mzuri.

Kufika siku ya kuiwasha nilikwisha kuwaalika watu wote. Pahali palikuwa upande wa Mwakirunge, barabara ya zamani ya malori ya kokoto, ndefu, imeshindiliwa murram, machimbo yenyewe yamekwisha kuhamia kwingine. Upepo ukigeuka ulikuletea harufu ya jaa. Walikuja wenzangu wote wa gereji, na kutoka Jomvu Kuu wakaja ami zangu wawili na kanzu zao za Idi, maana niliwaambia ndege bila kufafanua. Mzee akaingia akakaa, akafunga mkanda, pangaboi ya mbele ikazungushwa kwa mkono, injini ikashika. Wallahi ilipendeza. Ikaanza kutambaa kwenye barabara, mkia nyuma, pua yangu inang'aa, na mimi nikasimama mikono kiunoni kama gavana.

Ilikwenda mpaka mwisho wa barabara ikageuka, na ilipokuwa inarudi tukaanza kusikia harufu. Mpira unaungua. Halafu tukaona moshi mweupe ukitoka si kwenye pua bali pale miguuni pa Mzee, na yeye ameinua miguu yote miwili juu, magoti kifuani, anaendesha kwa kumwomba Mungu. Injini akaizima, akaruka chini, viatu vinanuka. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umepita mstari mwekundu ukalala upande wa pili. Ile pua yangu ukitemea mate yanaruka. Ami yangu mkubwa akafuta vumbi kwenye kanzu na kuuliza, kwa sauti ya msikitini, "Mselem, hii ndiyo ndege, au hili ni tanuri la mikate ya mofa?"

Hapo ndipo walipoanguka. Onyango alicheka mpaka akakaa chini kwenye murram. Mtu akasema wangejua wangekuja na unga. Mimi nami nikacheka, nikaongeza na changu, nikasema rubani ameiva upande mmoja, tumgeuze. Kicheko kikazidi. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe anavua soksi, nyayo nyekundu, na alicheka kidogo na yeye, kwa adabu. Mama Wakesho alikuwa amepiga magoti mbele yake na chupa ya maji. Hakugeuka. Nilimuona mgongo wake tu, na mgongo ule ulinitosha. Kuanzia siku ile hata muuza viazi karai wa Changamwe alikuwa ananiuliza kama ndege yangu ina nafasi ya karai moja. Kwetu Jomvu nilianza kupita njia ya nyuma kwenda msikitini. Mcheshi akichekwa ndipo anajua kwamba alikuwa hana ngozi, alikuwa na nguo tu.

Nilidhani Mzee atanifukuza. Nilikwenda Kiembeni kuchukua nyundo zangu. Nikamkuta sebuleni chini ya bawa, miguu ndani ya beseni. Akaniamkia yeye kabla sijamwamkia, halafu akaita, "Mama Wakesho, hebu funga dirisha la jikoni na mlango wa uani." Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa, na pazia lake lilikuwa linapepea. Milango ya nyuma ilipofungwa lile pazia likashuka, likatulia kama limekufa. Joto likatushukia pale pale.

"Mlango wa mbele uko wazi," akasema. "Upepo umekwenda wapi?"

Mimi nimezaliwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi mbele, ua nyuma. Hakuna aliyenifundisha kwamba nyumba isiyo na ua haipati upepo. Nililijua hilo kabla ya kujua jina langu, na sikulipeleka kwenye pua.

"Upepo haukai mahali usipoona pa kutokea," Mzee akasema. "Tuliufungulia mdomo mkubwa tukauziba nyuma. Ukajaa pale mbele ukakataa kupita. Na ule uliobanwa ukatafuta tundu, ukalipata miguuni mwangu. Tulikosea wote, kijana. Mimi nina cheti cha makosa hayo, wewe huna." Akatoa mguu kwenye beseni akautazama. "Fungua mlango, Mama, tunakufa."

Basi tukaanza upya. Mdomo nikaupunguza mpaka matundu mawili ya vikombe vya kahawa. Nyuma chini nikakata mwanya mpana, na kwenye ukingo wake nikakunja mdomo wa bati ulioelekea chini, ili upepo wa nje ukipita kasi uunyonye ule wa ndani utoke. Silinda zile zina mapezi kama ya samaki, na joto hutokea humo. Kwa hivyo tukazunguka kila silinda na vibao vya bati vya kuulazimisha upepo upite katikati ya mapezi, usipite kando. Kila palipokuwa na njia ya mkato tulipaziba, si kwa mpira wa tyubu ulioungua siku ile, ila kwa mpira mzito wa mkanda wa machimboni, ule wa kubebea kokoto. Ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya rubani tukauziba tundu kwa tundu. Kazi hiyo ilikula miezi. Kiangazi kikapita, mvua ikapita, nikala kimanga mpaka nikaanza kukiota. Nilipunguza mdomo wa ndege na wangu nikaupunguza.

Mkaguzi akaja kutoka Nairobi, akagonga, akachungulia, akatia sahihi. Mzee akairusha peke yake, kama sheria inavyotaka, akazunguka juu ya Mwakirunge akashuka, akarudia wiki baada ya wiki. Mshale ulipanda ukasimama pale unapotakiwa, hautikisiki. Alipotua mara ya kwanza ami zangu hawakuwepo, lakini Onyango alikuwepo, na alivua kofia. Mimi tena mabega yakapanda. Nikarudi njia ya mbele kwenda msikitini. Pale gereji nikawa nasema sisi watu wa anga.

Sasa pale Changamwe palikuwa na kanuni ambayo haikuandikwa mahali. Fundi akishakaza breki za lori, safari ya kwanza ya kuteremka mlima hupanda yeye, akakaa karibu na dereva. Hapandi, mwenye lori halipokei. Onyango alikuwa anapanda kila wiki, anatafuna mua, hana habari. Ilipoingia Desemba, Mzee akaja mpaka kibandani kwangu na shati lake la pasi. Akasimama mbele ya watu wote. "Jumamosi nakwenda Taita," akasema. "Wewe utakaa kulia. Nataka mtu wa kuangalia mshale nikiwa napanda milima, na wa kunifungulia hita vidole vikianza kufa ganzi. Na pua ni yako."

Onyango akapiga bati kwa spana. "Fundi apande. Kanuni ni kanuni, Rubani."

Nikasema wallahi nilikuwa nasubiri kualikwa. Wiki ile sikulala vizuri. Watu wanadhani mtu aliyejenga kitu ndiye anayekiamini. Si hivyo. Anayekipanda bila hofu ni yule asiyejua. Mimi nilijua ribiti ipi niliipiga mara ya pili, muungo upi niliuunga Ijumaa adhana ikiniita, kibao gani cha bati kilikaa kwa kubembelezwa. Pale juu ya Mwakirunge injini ilikuwa inazunguka kidogo na kupumzika. Kupanda mpaka milima ya Taita ni kazi ndefu, na hita ilikuwa haijawahi kufunguliwa hewani. Nilikuwa naliona lile povu la sabuni likivimba mahali tusipopaona. Unasinzia tu huku umekaa.

Jumamosi asubuhi palikuwa na umande kwenye murram. Mama Wakesho alikuja na kikapu cha kuku wawili wazima, sufuria kubwa, na sweta. Sweta ilikuwa yangu, ameifuma yeye, rangi ya maji ya bahari. Onyango na wenzangu walikuwepo. Mzee alikwisha kukaa kushoto, mkanda amefunga, mlango wa kulia uko wazi.

"Panda, Mselem, tuondoke jua halijakaza."

Nikavaa sweta. Nikaweka mguu wa kulia kwenye kidato. Mguu wa kushoto ukabaki chini. Nikauambia twende, ukakataa. Nikasema, "Mzee, tumbo langu leo limeamka na maneno yake." Watu wakacheka. Nikasema, "Na ndege hii ikinibeba na kimanga nilichokula, itatoboka." Wakacheka tena, kidogo. Nikafungua mdomo kwa la tatu, likawa halipo. Nilikuwa nimesimama na mguu mmoja juu kama mbwa anayekojoa, mikono imeshika mlango, goti linatetemeka mpaka ndege yote nayo inatetemeka, na kila mtu analiona goti.

"Umetengeneza vizuri," Mzee akasema kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye. "Mimi nimeipanda. Njoo."

"Siwezi, Mzee."

Alitazama mbele, kwenye vioo vya geji, na nikaona mkono wake umekwenda kwenye mfuko wa shati, pale juu ya moyo, akaushika kidogo akaurudisha. Ndipo Mama Wakesho akafuta mikono kwenye leso. "Nivulie hiyo sweta, mwanangu," akasema. Nikaivua. Akaivaa juu ya gauni, mikono ikampita vidole, akanisogeza kwa kiwiko kama unavyomsogeza mtu mlangoni, akapanda na mkoba wake akauweka mapajani. Mzee akaanza kumwonyesha, huu ndio mshale, ukifika hapa uniambie, hiki ndicho kishikio, ukikivuta joto linakuja. Naye anaitikia ehe, ehe, kama anayeelekezwa duka. Kabla ya kufunga mlango akanitazama. "Basi wewe chinja hao kuku. Tukirudi tule."

Ndege ikakimbia, ikainuka, ikawa ndogo, ikaisha. Nikawashika wale kuku, nikaelekea kibla, nikachinja. Onyango alikuja kunyonyoa na mimi. Nilingojea aseme. Nilimwombea aseme, anitukane, aniite jina lolote alilonalo. Alimnyonyoa yule kuku wa kwanza mpaka akaisha, akaosha mikono, halafu akasema, "Mselem, lete maji ya moto kidogo." Mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina langu. Tukauchochea moto wa mawe matatu. Kila nikikoroga nasikia injini, natazama juu, ni lori la kokoto huko mbali.

Walirudi jua likiwa kichwani. Ilitua taratibu, ikatambaa mpaka kwetu, na Mama Wakesho ndiye aliyeteremka kwanza, jasho linamtoka ndani ya sweta, anaongea kabla mguu haujagusa chini. Huko juu kulikuwa na baridi ya kukata. Mshale ulipanda walipofika milimani, ulisogea sogea akauambia wewe, kaa hapo, ukakaa. Alivuta kishikio na joto lilikuja miguuni kama mtu anakupulizia. Waliona nguo zimeanikwa kwa dada yake Mzee. Waliona kilima, na juu yake mbuzi, si wengi, lakini mbuzi. Mzee alishuka polepole, akasimama ameshika bawa, macho yamelowa. Nilikwenda kumpa mkono. Akaupokea kwa mikono yake miwili, baridi kama imetoka kisimani.

Tukakaa chini kwenye mkeka. Mama Wakesho akapakua, wali, mchuzi, nyama, na firigisi akamwekea Mzee, kama ilivyo desturi, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mzee akaitazama kwenye sahani yake. Akaichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono mbele ya Onyango, mbele ya wenzangu wote, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Fundi kwanza," akasema.

Hakuwa ananikejeli. Ningejua. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, na wallahi ningeishukuru, lakini haikuwemo. Onyango aliinamisha macho kwenye sahani yake. Nikaitia mdomoni. Ilikuwa imeiva, ina chumvi ya kutosha, na watu wote walikuwa wamesimamisha mikono juu ya wali wao, wananingojea nimeze ndipo nao waanze kula.